Kistari Mbele ya Rehani

Ofisi ya ushirika, Kanyenye, saa mbili usiku.
Feni imekufa tangu Jumanne. Ndoo za asali ya Ipole
zimepangwa hadi dirishani, na sisimizi
wanaijua stoo kuliko mkaguzi.

Nimeunda mzinga kwa lugha yenye jina la chatu.
Si wa gome la mtundu, wa maandishi.
Nikaupa namba, mti, kijiji, kilo za msimu,
nikaupa na mwenyewe, Mihayo Lugendo,
naye nikampa mizinga yake yote sitini na mitatu.
Nikaufundisha vitenzi: rina, pima, hama.
Ukiuambia hama, unahesabu mvua kwanza, ndipo unahama.
Nilijivuna, nakiri. Nilimwonyesha hata mlinzi.

Seva ya wanunuzi ikakataa.
Haipokei kitu chenye vitenzi.
Inataka kamusi tupu: ufunguo kushoto, thamani kulia,
nukta mbili katikati, moja juu ya mwenzake.

Haya. Lipo neno fupi la kukivua kitu kila kitu kwa mkupuo.
Nikaliandika.
Rina, pima, hama vikadondoka
kama nyuki waliozidiwa na moshi.
Tarehe ikagoma: mimi si neno, mimi si namba.
Nikaigeuza maandishi, mwaka mbele, siku nyuma,
ikanyamaza.

Nikauita mzinga, ukamtaja Mihayo.
Nikamwita Mihayo, akaitaja mizinga,
na kila mzinga ukamtaja Mihayo,
Mihayo mzinga, mzinga Mihayo, Mihayo
mpaka kompyuta ikaishiwa pumzi, ikabwaga mzigo.
Nikacheka peke yangu. Ndivyo wanavyosalimiana kwao:
wewe wa nani, na huyo wa nani, na huyo je,
hadi uji unapoa.
Nikakata mnyororo. Penye mtu, weka namba ya kadi.
Mihayo akawa 417.
Samahani, Mihayo.

Ikapita! Kamusi ikashuka kwenye kioo,
nami nikaisoma kwa sauti, kidole kikikaribia kutuma:

"namba": 12
"mti": "mninga"
"kijiji": "Ipole"
"kilo": 9.5
"mwenye": 417
"_rehani": 45000

Kidole kikaganda.

Ile rehani nilikuwa nimeitangulizia kistari cha chini,
adabu yetu sisi waandishi wa programu:
pita, lakini usichungulie.
Ni pazia tu, si mlango, na neno langu la mkupuo
halijui pazia.
Elfu arobaini na tano, sare na madaftari ya Nyamizi.
Aliniambia Januari, mimi karani, kwa sauti ya chini,
akiangalia ndoo badala ya kuniangalia mimi:
mzinga wa kumi na mbili, shika huo.
Na mnunuzi akishajua una shida kiasi gani
ndipo anapojua bei aanzie wapi.

Nikalifuta lile neno fupi.
Nikaandika kwa mkono utaratibu mrefu, wa kijinga:
chukua namba. Chukua mti. Chukua kijiji. Chukua kilo. Chukua kadi.
Basi.
Siku tukiongeza kitu, itabidi nirudi hapa
niamue tena, mstari kwa mstari, kipi kisemwe.
Sawa. Nitarudi.

Asubuhi akaja mwenyewe, baiskeli ina matope,
akaomba kuuona mzinga wake ulivyo humo ndani.
Nikamgeuzia kioo. Akasoma mistari mitano,
polepole, midomo ikicheza. Kwenye ule wa sita
ambao haukuwepo, alisita kidogo,
akanitazama, hakusema kitu.
Kisha:
"Hujaandika kwamba ni wakali."
Nikamwambia hakuna ufunguo wa ukali.
"Ah," akasema, akifuta asali ya jana kwenye meza yangu kwa kiganja.
"Basi na waje wafungue wenyewe."